Friji la Mama Listaafishwe kwa Barua

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Mafriji ya Kipupwe.

Ndugu Meneja,

Kuhusu: Friji lenu lililogoma kuondoka sebuleni kwa mama yangu

Pokea salamu za mtu aliyeamka vizuri. Kabla sijaanza kulalamika, nataka ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kulialia. Mimi bahati inanijua kwa sura. Ni dereva wa lori la masafa marefu, nimevuka mipaka ambayo wengine wanaiona kwenye ramani ya ukutani, nimelala kwenye hoteli zenye lifti, na shule niliiacha mwenyewe nilipoona masomo yameanza kujirudia. Juzijuzi hapa nilijaza mafuta kwenye kituo kimoja, nikapewa kuponi, nikaitumbukiza kwenye pipa la droo huku napiga mluzi, nikasahau. Nashtukia simu: nimeshinda friji! La milango miwili, halijaguswa hata na inzi. Wenzangu waliotumbukiza kuponi mafungu kwa mafungu waliambulia kofia. Ndivyo nilivyoumbwa, sina la kufanya.

Shida ni kwamba friji lenyewe ni la Manyunyu, wapinzani wenu, na nilitaka liende kwa mama. Mama analo lenu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kwa sababu mama alikuwa karani wa masjala serikalini na alitulea kwa namba.

1. Friji lenu halifi. Vitu vya watu vinakufa, vinaliliwa kidogo, vinatolewa nje. La kwenu limeacha kugandisha, likaacha kupoza, lakini kufa limekataa. Ukilifungua, taa inawaka. Ukilifunga, linanguruma na kutikisika kama lina kazi kubwa mbele yake. Wewe una ofisi, Ndugu Meneja, watu wa namna hiyo unawajua: asubuhi wamefika, taa wamewasha, kelele wanapiga, na kazi hakuna. Nikimwambia mama friji limekwisha, ananijibu, "Limekwisha vipi na taa inawaka? Wewe mwanangu mbona unapenda kuzika watu wangali hai?"

2. Mlichukua jina la ukoo wetu. Mtaani kwetu hakuna aliyejua namba ya nyumba. Kila nyumba ilijulikana kwa chombo chake. Kwa seremala palikuwa kwa Tarumbeta, kwa sababu ya redio iliyokuwa na ukubwa wa jeneza la mtoto na kuvishwa kitambaa kama bibi harusi. Kwa mjane wa kona palikuwa kwa Volkeno, jiko la plati nne ambalo alitumia moja tu, hizo nyingine akizifuta kila siku zisije zikasikia wivu. Kwa mwalimu palikuwa kwa Mwangaza, televisheni yenye milango na kufuli, ambayo tuliitazama kupitia dirisha mpaka mwalimu akatupangia zamu za dirisha. Na kwetu palikuwa kwa Kipupwe. Mimi hadi leo mtaani naitwa Kipupwe. Mchumba wa dada yangu alipokuja kujitambulisha, alisimama mlangoni akauliza, "Samahani, hapa ndipo kwa akina Kipupwe?" na mama akajibu kwa kiburi chote, "Ndipo, mwanangu, karibu." Jina la marehemu baba halikutajwa mpaka chai ilipoisha.

Tulipigana kwa ajili yenu, hilo mlijue. Watoto wa fundi cherehani jirani walikuwa na Manyunyu, dogo, la kimo cha stuli, wakajisifu kwamba linagandisha mchuzi. Nikawaambia la kwetu linagandisha mbuzi akiwa amesimama. Nikapigwa. Kovu liko juu ya nyusi, na sikuwahi kupata hata kalenda kutoka kampuni yenu.

3. Mmeniharibu mkono. Friji lilikaa sebuleni likitazama mlango, ili mgeni alisalimie kabla ya wenye nyumba. Juu yake kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki. Nailoni ya kwenye mpini haikutolewa kamwe, mama akisema akiitoa friji litazeeka. Ufunguo alilala nao. Mtaa mzima ulileta chupa za maji zipozwe, kila moja imefungwa uzi wa rangi ya nyumba yake, na aliyeziingiza na kuzitoa ni mimi. Utoto wangu wote mkono wa kulia uliishi kwenye baridi na mwili uliobaki ukaishi kwenye joto. Leo nikimsalimu mwanamke anashtuka, anauliza kama naumwa. Sijaoa, Ndugu Meneja. Sisemi ni nyinyi moja kwa moja, lakini nikiangalia pembeni sioni mtu mwingine.

4. Hili la nne sina utani nalo. Mama ana kisukari, na dawa yake ni ile ya sindano, inayotaka kukaa kwenye ubaridi. Aliiweka kwenye friji lenu, kwa imani. Ndani mle palikuwa na joto kuliko chumbani. Dawa ikaharibika, akawa anajichoma maji tu bila kujua. Dada yangu alimkuta ameketi sakafuni ameliegemea friji, maneno hayatoki sawasawa. Alipopata nafuu akadai alikuwa anapumzika. Nesi wa kliniki aliikagua ile chupa ya dawa akasema, "Bibi, hii umeipika." Sasa dawa ameifunga kwenye mfuko na kuitia ndani ya mtungi wa maji chini ya kitanda. Nyumba iliyopoza maji ya mtaa mzima! Nesi kasema mtungi unasaidia kwa kujishikiza tu, na joto lenyewe ndilo hilo linakuja.

5. Kwa hiyo nikapeleka lile jipya. Nilikuja na utingo wangu na wapakiaji watatu, tukapiga honi kuanzia barabara kuu. Majirani wakatoka, mjane wa Volkeno akapiga vigelegele. Mama akasimama mlangoni na kanga yake mabegani.

"Hilo limetoka wapi?"

"Bahati, mama! Nimeshinda kwenye droo! Mwanao anapendwa huko juu!"

Akalitazama friji. Akanitazama mimi, muda mrefu, kama ananisoma kwenye faili. Akasema, "Hapa tunalo," akafunga mlango. Nimekemewa na askari wa mipaka yote niliyokwambia, lakini sijawahi kuaibika hivyo. Tulilirudisha kwangu. Nina chumba kimoja, na paa lake linavuja. Friji limekaa mahali pa kitanda, kitanda kimesogea mahali pa mlango, na miguu yangu inalala ndani ya boksi.

Nimewaza sana njiani, na dereva ana nafasi ya kuwaza. Nimegundua kwamba mama anaipenda nembo yenu kuliko uhai wake na kuliko mimi. Mtu aliyemjengea mama upendo wa namna hiyo hawezi kukaa ofisini anazungusha kiti. Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, mliandikie friji barua ya kustaafu. Mama haamini kwamba mvua imenyesha mpaka aione kwa maandishi, ila barua yenye muhuri ataitii. Iandikwe: "Ndugu Friji, kampuni inakushukuru kwa utumishi wako uliotukuka, na kuanzia sasa unapumzishwa." Nakala kwa mama. Muhuri uwe wa mviringo, wa pembe nne hauheshimu.

Pili, aje mtu mwenye tai kumkabidhi mama saa ya ukutani, kama wanavyofanyiwa wastaafu wote, wakipewa saa siku ambayo hawana tena pa kuwahi.

Tatu, kwa kuwa mmekuwa ukoo wetu, na jina mmetupa nyinyi, mlete mzee wa kampuni akae kwenye kikao cha familia upande wa wajomba, amwambie mama kwa upole kwamba si dhambi kufungua mlango wa Manyunyu.

Mkishindwa yote hayo, basi mama ni wenu. Njooni mumchukue, akae kiwandani, mmpozee dawa wenyewe. Anakunywa chai bila sukari na hataki kuamshwa kwa kelele. Na mkinyamaza, nitaandika nyuma ya lori langu kwa herufi kubwa, KIPUPWE HALIFI, nizunguke nalo nchi zote, tuone nani atapata hasara.

Nisalimie katibu muhtasi wako, ambaye najua ndiye anayesoma hii. Nisalimie mlinzi wa getini, fundi wa gesi, na yule anayebandika nembo mlangoni, mwambie gundi yake ni imara mno. Wasalimie watoto wako na mama yako pia, kama bado yupo, na umuulize dawa zake anaziweka wapi.

Wako katika ujenzi wa familia,
Dereva, maarufu kwa jina la Kipupwe

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaifunga, nikaifungua tena. Dada yangu amepita hapa sasa hivi, amekaa juu ya boksi, amenicheka mpaka amelia. Amesema mama hana habari na nembo. Lenu anataka kuligeuza kabati la viatu. Kilichomfanya afunge mlango ni ile droo. Alimwambia dada, "Ukiona mtu ameshinda, ujue amecheza. Nikilipokea hili, kaka yako atacheza tena, mwisho ataweka dau hata lori la watu. Bora dawa ikae mtungini." Kumbe siku zote hizi mama anahatarisha maisha yake kuniokoa mimi na kamari.

Kwa hiyo barua ya kustaafu acheni, na mjomba msimlete. Napeleka friji sasa hivi, bila honi, na itabidi niyaseme mbele ya mama haya ninayokuandikia wewe kwanza ili nijizoeze. Hakukuwa na droo. Hakukuwa na kuponi wala pipa. Nilidunduliza posho za safari, nikala mkate mkavu njiani, nikaenda dukani nikalinunua. Nilisema bahati kwa sababu angejua nimelinunua angenirudisha nalo dukani, pesa nikaezekee paa langu kwanza. Mimi sijawahi kushinda kitu chochote.