Mashine ya Mayai Iliyokwenda Kuposa Gahanga

Saa mbili na dakika saba asubuhi, leo hii, Mama Nadine wa Gahanga alinipigia simu kuniambia kwamba mashine yangu inaposa. Sasa ni saa kumi jioni na bado uso unanichoma. Nawaandikia kwa mpangilio, jambo baada ya jambo, kwa sababu mpangilio ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Kwa wasionijua: natengeneza vidhibiti vya mashine za kutotolesha mayai. Ni kisanduku kidogo chenye laini ya simu ndani yake. Kinapima joto, kinageuza mayai, na joto likishuka kinasema kwa sauti kubwa: joto limeshuka, funga mlango. Kazi hii sikuisomea chuoni. Nilikuwa fundi redio hapa Kabeza, nikajifunza kwa vitabu na kwa kuunguza vitu. Ndiyo maana utaratibu wangu ni mkali kuliko wa waliosoma. Programu mpya naituma kwa mtandao, lakini kisanduku hakiipokei kama haina sahihi yangu ya siri. Kikishapokea toleo jipya, hakirudi kwenye la zamani, ili mwizi asipate mlango wa nyuma. Na kila toleo huanza na mashine moja tu, safari hii ya Mama Nadine. Zile nyingine kumi na nane husubiri siku tatu. Kabla ya kutuma, napitia orodha ya ukaguzi yenye vipengele thelathini na kimoja. (Mke wangu anaiita litania.)

Toleo la jana jioni lilipita vyote thelathini na kimoja.

"Inaposa vipi?" nikamuuliza.

Mama Nadine alikulia Bujumbura, hana haraka na maneno. Akasema alifungua mlango wa mashine kuongeza maji, kisanduku kikaanza kuwasalimia wazee waliohudhuria. Kikawashukuru kwa viti na kinywaji. Kikasema kimetoka mbali kwa sababu kimesikia kwamba katika nyumba hii kuna ua. Alipofunga mlango kikanyamaza baada ya muda kidogo.

"Fundi, iko na adabu sana hii mashine," akasema. "Ila mayai haijayataja."

Nilijua palepale. Jumamosi tunakwenda kumposea mpwa wangu Egide, na msemaji wa upande wetu ni mimi. Mnajua kazi hiyo ilivyo: unaomba binti mbele ya watu wote, msemaji wa upande wa pili anakuzungusha kwa mafumbo mpaka ukome, kisha anataja mahari. Kwa hiyo Jumapili nilijirekodi nikifanya mazoezi, dakika nne kamili, kwa maikrofoni ileile ninayorekodia maonyo ya mashine. Programu ya kurekodi huhifadhi kwa jina lililotumika mara ya mwisho. Jina la mwisho lilikuwa la onyo la joto. Jana nikafungasha mafaili yote, nikatia sahihi, nikatuma. (Sahihi inathibitisha kwamba faili limetoka kwangu. Haithibitishi kwamba nilikuwa na akili timamu.)

Mtauliza kipengele cha ishirini na tatu, "sikiliza sauti zote", kilipitaje. Kilipita kwa sababu mashine ya majaribio pale nyumbani haina spika. Mke wangu Spesioza aliing'oa mwezi uliopita, akaniambia nichague mmoja kati yake na hiyo sauti. Jana taa ya spika iliwaka, mimi nikaweka alama ya vyema. Nikalala usingizi mzuri.

Lakini hotuba haikuwa tatizo. Hotuba ni dakika tatu. Katika dakika ya nne nilijisahau, nikajikumbusha kwa sauti kiwango cha mahari ambacho familia yetu ilikubaliana kwa siri. Na binti tunayemposea, Clarisse, anakaa jirani na Mama Nadine, ukuta kwa ukuta. Egide alimjulia hapohapo, alipokwenda kununua vifaranga.

Nikapiga hesabu. Kisanduku hunyamaza joto likirudi. Mlango ukifungwa, joto hurudi ndani ya nusu dakika. Kwa hiyo siri yetu ilikuwa salama, ilimradi hakuna mtu wa kuacha mlango wazi dakika nne. Na ni nani mwenye mayai yake anayeacha mlango wazi dakika nne?

Nikamwambia Mama Nadine asifungue tena, na asimwite mtu. Akajibu kwamba la kwanza atajitahidi. La pili nimechelewa, watu wa jirani wako uani.

Kurekebisha kulitaka nitume toleo jingine, na toleo jingine linataka sahihi. Ufunguo wa sahihi siuweki karakanani, kwa sababu za usalama. Uko kwenye flashi, nyumbani Batsinda, ndani ya sanduku la bati. Nikampigia Spesioza ampe mwendesha pikipiki aniletee.

"Hapana," akasema.

"Spe, ni mimi."

"Ndivyo ulivyosema watasema."

Ni kweli. Mwaka jana nilimkalisha saa nzima nikamfundisha kwamba siku hizi sauti ya mtu inaigwa. Yeyote atakayepiga simu kuomba flashi, hata kwa sauti yangu, hata akilia, asimpe. Leo nikamtajia siku tuliyofunga ndoa. Akasema tarehe hiyo iko kwenye picha mtandaoni. Nikamkumbusha kwamba mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo. Akasema mlaghai yeyote mwenye akili angeanza hapo, akakata simu. (Sijawahi kuwa na mwanafunzi bora.)

Batsinda ni kaskazini, Gahanga ni kusini. Nikachagua Gahanga, ning'oe spika kwa mkono. Msiniulize kuhusu kitufe cha kupunguza sauti. Kilikuwepo. Nilikiondoa mwenyewe, kwa sababu mteja mmoja alizima maonyo akapoteza trei tatu. Na kuzima umeme haikuwezekana: mayai mia tano ishirini na manane, siku ya kumi na tisa, yanakaribia kupasuka.

Nilifika saa tatu kasoro dakika saba. Sauti yangu niliisikia kuanzia getini. Ilikuwa inasifu malezi ya Clarisse kwa kinywa kilichojaa sifa.

Uani walikuwa watu kama kumi, wamenyamaza kama wako kanisani. Ndani, mbele ya mashine, ameketi Mzee Gaspard kwenye kiti cha plastiki. Mzee Gaspard ni baba mdogo wa Clarisse. Pia, nimekuja kujua leo, ndiye msemaji wa upande wao siku ya Jumamosi. Mkono mmoja ameushika mlango wa mashine. Wazi.

"Mzee wangu, funga mlango, tafadhali. Mayai yanapoa."

"Ngoja, fundi. Ukifunga inanyamaza. Tumefunga mara tatu, kila mara inaanza upya na salamu. Sasa tunataka kujua inaishia wapi."

Nikapenya kati ya watu, bisibisi mkononi. Mama Nadine akanipisha. Nikaigusa skrubu ya kwanza, na hapo sauti yangu ikakohoa. Nilikikumbuka kikohozi kile.

"Sasa, mahari," kisanduku kikasema. "Wakitaja ng'ombe watatu, tushtuke. Wakitaja wanne, tushtuke zaidi, tunong'one kidogo, kisha tukubali. Wanne tunao. Wasijue."

Kisha kikalia bip, kama kawaida yake, kuonyesha kwamba ujumbe umekamilika.

Mzee Gaspard akafunga mlango taratibu. Uani mtu mmoja akaanza kucheka, akazuiwa. Mimi nimeshika bisibisi, natafuta neno. Neno lililokuja ndilo nililokuwa nimemfundisha mke wangu: nikasema siku hizi sauti za watu zinaigwa, na huenda kuna mhuni ameingilia mashine akajifanya mimi.

Mzee alilipokea vizuri. Alikuwa karibu kulikubali. Ni Mama Nadine aliyeingilia, kwa nia njema kabisa, akitetea kazi yangu.

"Hapana, Mzee," akasema. "Huyu fundi wakati ananiuzia aliniapia. Duniani kote hakuna mtu anaweza kuingiza kitu humo ndani isipokuwa yeye. Hata serikali."

Niliapa hivyo. Niliapa mara mbili, nikamwandikia na karatasi.

Mzee Gaspard akanitazama kwa huruma ya kweli. Akasema nina sauti nzuri, ila sifa za ua nizipunguze, kwa sababu mtu akisifu sana bei hupanda. Kisha akainuka, akakung'uta suruali.

"Sisi tulikuwa tumepanga kuomba wawili," akasema. "Lakini siwezi kubishana na mashine yenye ulinzi namna hii."

Spika niliing'oa saa tatu na dakika sita, hotuba ikiwa imeshakwisha kazi yake. Joto lilirudi, mayai yako salama, na Mama Nadine ananisifu kwa kila mtu. Batsinda nilikwenda mwenyewe. Spesioza alitaka kwanza kuona kitambulisho. Toleo la marekebisho limetumwa saa saba na nusu, na orodha sasa ina vipengele thelathini na viwili. Egide nimempigia mara tano, hapokei.

Mwenye kutaka kucheka acheke, lakini kwanza atume mchango wa harusi. Ng'ombe mmoja tunamhesabu laki saba. Wa ziada ni wawili, na mpaka Jumamosi mimi peke yangu ndiye ninayedaiwa na ukoo mzima faranga milioni moja na laki nne.