Uzinduzi wa Kiwanda cha Ute wa Mrenda, Masaba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, Bwire, Mratibu wa Kanda na Daktari wa Heshima. Mwenyekiti wa Kamati ya Makoo. Waheshimiwa mliofika na mliotuma udhuru. Na kina mama wa Majanji mnaokausha samaki kwa moshi hadi makoo yanawawaka: hamjambo! (Kikohozi.) Nimesema, hamjambo! (Kikohozi kikubwa zaidi.)

Ndiyo maana niko hapa. Baada ya wekshopu saba na ziara moja ya mafunzo hotelini, ofisi yangu ilibaini kwa asilimia tisini na nane nukta nne kwamba koo lililochubuka halitaki maneno, linataka ute wa mboga ya mrenda, usindikwe kitaalamu, utiwe chupani, ubandikwe picha yangu. (Dereva wake anapiga makofi.) Kiwanda hiki mnachokiona nyuma yangu kitatoa chupa elfu arobaini kwa siku, stekihoda wote wakihusishwa, na...

(Mama Taaka, mkausha samaki, anasimama: “Muheshimiwa, hiyo dawa iko wapi? Mimi nakohoa tangu Krismasi!” Vicheko.)

Swali zuri sana, mama. Dawa iko kwenye mchakato, na mchakato uko kwenye... khe! Kwenye... khe, khe!

(Sauti inamkauka. Mama Taaka anampelekea kikombe cha mrenda wa magadi, chakula chake cha mchana. Mheshimiwa anameza. Macho yanang'aa.)

Lo! Umeteleza wenyewe mpaka tumboni! Mama, huu umeutoa wapi?

(“Nyuma ya nyumba, unaota tu. Lakini huu unapoza, Muheshimiwa, hauponyi. Kesho moshi ni ule ule. Sisi tuliomba majiko ya bomba, moshi upande juu, mkatuletea chupa.” Vigelegele.)

Pendekezo limenukuliwa! Sasa tuitikie wote. Koo laini! (“Kura ngumu!”) Eh, tulivyofanya mazoezi, jamani. Mrenda oyee! (“Bomba oyee!”)

Basi, nashukuru sana. Kijana wa kibao cha kiwanda, king'oe taratibu, kesho tunakizindua hiki hiki kule Paya. Na wale kina mama waliokwea paa la kiwanda wakiwa na spana, nawasihi mshuke. Mama Taaka, mama yangu, acha kulifungua hilo bomba la moshi, si mali ya mradi! Ni la mashine ya unga ya Bwana Okochi, ametuazima jengo mpaka saa sita tu, na watu wake wanangoja kusagiwa.