Kadi Ndani ya Bitana

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya hamsini na moja tangu chanjo "inipoozeshe" mkono wa kulia. Humu daftarini naweza kusema kweli: ni mzima. Fundi cherehani nisiyeweza kushika sindano! Mke wangu ndiye anayeshona, mimi nakaa mlangoni na mkono umefungwa kitambaa shingoni. Macho yamemwiva, anaomba tu kesi iishe. Wakili wangu kasema Ofisi ya Fidia imekubali tumalizane Ijumaa bila mahakama, niende na kadi halisi ya chanjo. Kwa nini halisi? Na kwa nini kasema mara mbili? Huyu anataka kuniuza.

Jumanne, 4 Machi
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara kanitazama mara nne. Mara nne, na nywele sina! Kadi haina usalama. Mke alipokwenda sokoni nikafunga mlango, nikaishonea ndani ya bitana ya koti la mwalimu mstaafu. Limening'inia dukani miezi mitatu, mwenyewe haonekani. Mshono wa kuficha, hata mimi sikuuona tena. Ningekuwa jasusi mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Koti halipo! Mke kasema mwalimu kaja kulichukua, kashukuru, kaondoka. Nikauliza nani kamtuma. Akajibu: baridi. Ikabidi nimwambie habari ya kadi. Kasema atamtafuta mwalimu yeye mwenyewe, mimi nisiguse kitu chochote.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisi ya Fidia. Karatasi mezani, imebaki saini tu. Mwalimu akaingia na koti lake, kaambiwa na mke wangu kadi imo ndani ya bitana. Ofisa akafumua bitana, kadi hiyo! Lakini akaugeuzageuza mshono dirishani, akauliza kazi hii ya nani. Wakili akawahi kusema ni ya mke wangu. Mwalimu akaafiki, akasema mama yule anamshinda mumewe kwa mbali.

Anamshinda! Nikasimama. Nikawaambia mke wangu hawezi mshono ule hata akifundishwa miaka kumi, ule ni wangu, wa Jumanne hii hii. Nikawanyooshea kidole mmoja mmoja. Cha mkono wa kulia.

Wakili akafunga mkoba wake. Ofisa akaichana karatasi.

Jumamosi, 8 Machi
Mke kagoma kushona. Kaniachia cherehani na nguo kumi na tisa za watu. Sasa iko wazi: mwalimu, wakili na kinyozi lao moja. Hawaniwezi. Chanjo ya pili nilichomwa mkono wa kushoto, na wa kushoto haujadai chochote bado. Mpango wote nimeuandika nyuma ya daftari hili. Shida ni mahali pa kulificha.

Asubuhi ofisa kaja mwenyewe dukani. Kasema mshono ule umemkosha, kaacha koti lake nilitie bitana mpya. Daftari ni jembamba, linaenea mgongoni vizuri. Nani atatafuta humo?