Foki ya Maonyesho

Mjanja haanzi kwa kutazama mali, humtazama kwanza mwenye mali. Asubuhi ile Teleza alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda chake cha kutengenezea baiskeli, anapiga miayo, alipomwona daktari wa meno wa mtaa wa pili anakuja huku akisukuma baiskeli yake ya mbio za matope. Mpini ulikuwa umejikunja kama pembe za kondoo, matairi membamba yenye vijino, na mbele foki, ule uma unaoshika gurudumu, nyeusi ya kaboni, nyepesi mno, ukiishika unadhani umepunjwa. Miayo ikakatika katikati.

Biashara ya Teleza ilikuwa rahisi, na tuiseme bila kumwonea. Mezani aliweka foki moja ya shokapu, nzima, inang'aa. Kila mteja aliruhusiwa kuibonyeza. Ikishuka na kupanda taratibu, mteja naye analainika. Kisha baiskeli inaingizwa nyuma ya pazia, inafungwa foki nyingine kabisa, iliyokufa zamani, springi zimeliwa na kutu, ndani imeshindiliwa matambara, nje imepigwa rangi mpya. Mteja akirudi kulalamika kwamba haibonyei, Teleza humwambia kwa huruma, "Bado ngeni hiyo. Ipe muda ikuzoee." Akizidi kulalamika, huonyeshwa shingo ya foki, lile bomba la juu. Ikishakatwa kwa kipimo cha baiskeli yako, haimfai mwingine, kwa hiyo hairudishwi. Ile ya mezani haikufungwa kwa mtu hata siku moja. Ndiyo iliyomlisha na kumvisha, na bila hiyo Teleza alikuwa mtu mwenye rundo la vyuma chakavu.

"Shikamoo dokta. Unatembea kwa miguu na usafiri unao?"

"Marahaba, baba. Mikono imegoma. Nikipita njia za msituni, mizizi na mawe, kesho yake nashika koleo natetemeka. Juzi nililenga jino bovu, nikajikuta navuta la jirani."

"Pole sana. Hebu bonyeza hapo."

Akabonyeza. Foki ikashuka, ikapanda. Daktari akacheka, akabonyeza tena.

"Itainua pua ya baiskeli kidogo," Teleza alisema, maana uongo mzuri huanza na ukweli, "ila hayo mawe utayasikia kwa majirani tu. Na hii ya zamani isikusumbue. Niachie, nitakutupia."

"Uitupe ya nini? Si tubadilishane tu, foki kwa foki."

Teleza alikohoa ili asicheke. "Kwa kuwa ni wewe," akasema, na kuishika baiskeli aiingize ndani.

"Fungia hapa hapa." Daktari alivuta kigoda mpaka mbele ya pazia, akakikalia. "Kila siku watu wananitazama nikifanya kazi, tena kwa hofu. Leo nami nitazame kwa raha."

"Ndani kuna taa, dokta."

"Hapa kuna jua."

"Itachukua muda."

"Sina mgonjwa mpaka mchana."

"Basi nikuagizie soda, ukanywe pale kwa jirani kwenye kivuli."

"Soda, mimi? Unataka nifukuzwe kazi?"

Jamani, mtu afanye nini? Upande mmoja foki inayomlisha. Upande wa pili kaboni, ambayo muuza vigae, tajiri pekee mjini mwenye wazimu wa baiskeli nyepesi, tena yake ni ya kipimo kile kile, angeilipia vizuri kiasi cha kununua foki nyingine tatu za maonyesho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Teleza akainama, akapima shingo, akashika msumeno, akakata. Chembe za chuma zilipommwagikia miguuni alijikaza kupiga mluzi. Daktari akapanda baiskeli, akateremka nayo ngazi za jirani kwa makusudi, akapotea kwenye kona akicheka peke yake.

Muuza vigae aliipokea kaboni kwa mikono miwili. Halafu akatoa sarafu, akaanza kuigonga, vile anavyogonga vigae vyake kutafuta chenye ufa. Ngo. Ngo. Ngo. Pu. Akakwangua pale kwa kucha. Rangi nyeusi ikabanduka, chini yake kitu cheupe, kimesuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu.

"Fundi," akasema, "foki yako imepasuka, na ufa umezibwa kama gego."

Teleza alifika kwa daktari anahema. Kwenye benchi walikaa kinyozi, fundi cherehani na mwalimu wa hesabu, wateja wake wote watatu, kila mmoja amepakata foki yake mfu kama mtoto mwenye homa. Walimsalimu vizuri sana. Salamu zile zilimwogopesha kuliko matusi.

"Ah, fundi," daktari akaita. "Pita ndani, tusizungumzie mbele za watu."

Hapo Teleza akapata nguvu, kwa sababu ana kwa ana hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Kiti kilikuwa kimoja tu. Alipokaa, daktari akakanyaga kitu, kiti kikalala chali pamoja naye.

"Dokta, sisi ni watu wa heshima, kwa hiyo..."

"Fungua mdomo."

Akafungua. Ni ugonjwa wa binadamu huo, ukiamriwa na mwenye koti jeupe unatii kwanza. Pamba ikaingia shavu la kulia, pamba shavu la kushoto, kioo katikati. Wale watatu wakaingia, wakamzunguka.

"Kinyozi ni kaka yangu," daktari alisema kwa upole. "Foki yako iligoma kwenye shimo, akaruka mpini, akaja kwangu na jino lake mkononi. Kaboni yangu ilipasuka zamani, ilikuwa ya kutupwa. Nilijua utampelekea muuza vigae, naye ni shemeji yangu, nilishamwambia agonge. Sasa hawa wanataka foki mpya, zinazobonyea, kwa gharama yako. Kama hutaki, nyamaza. Kama umekubali, sema aaa."

Teleza alikusanya ufasaha wake wote aseme hapana, tuelewane kwanza, mimi nina familia.

"Aaaaa," ikatoka.

"Mungu akubariki," daktari akasema, na kumwongeza pamba.