Kibao cha Mbweha na Bata

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi aliyeijenga nyumba hii akifufuka leo, ataniomba nimfundishe kazi. Shule niliacha mapema, sawa, lakini kwa kuzitambua mbao sina mwenzangu mkoa mzima wa Herefordshire.

Na nyumba yenyewe! Mifupa ya mwaloni mitupu, miaka mia tano, msumari hata mmoja hakuna. Vigingi vya mbao tu. Kuta za fito na udongo. Ghorofa imetokeza barabarani kama kitambi cha mlevi. Weka gololi chumbani kwangu, inateremka yenyewe hadi ngazini. Mvua ikinyesha, ukuta unanuka bia. Hapa palikuwa baa, Mbweha na Bata! Bibi yangu Hester kayasema hayo miaka hamsini.

Pargeter wa ng'ambo ya barabara anadai baa ilikuwa kwake. Nyumba yake imenyooka kama rula. Mlevi gani angekaa humo?

Jumanne, 9 Septemba

Kibao cha baa kimeonekana kwenye dari ya kanisa, pamoja na mkono wa mbao uliokuwa ukikishikilia nguzoni! Jumamosi anakuja mtaalamu, Bi. Tuffley, kuamua kitundikwe kwa nani. Bibi kashindwa kula. Keki yake nimemsaidia.

Pargeter kanikuta dukani. "Mwambie bibi yako aandae leso ya machozi, kijana."

Leso? Nina mpango.

Alhamisi, 11 Septemba

Bibi kaenda kwa daktari wa meno. Nikachonga mwaka 1497 kwenye nguzo ya mlangoni. Palikuwa na mikwaruzo ya ovyo, kama kuku kaparua. Nikaifuta kwanza kwa randa. Kisha nikazipaka tarakimu majivu na chai nzito, zionekane kuukuu. Nusura nilie kwa uzuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Bi. Tuffley kapapasa boriti zote, kasema hajaona nyumba iliyoungwa vizuri hivi. Akafika kwenye 1497. Akainusa. Akauliza nani hapa anapenda chai.

Akaeleza kwamba mafundi wa zamani walikata mbao zote uwanjani, na kila kiungo wakakitia alama pande zote mbili, ili mbao imjue mwenzake siku ya kusimamisha nyumba. Mkono wa kibao una mistari mitatu yenye mkia. Nguzo yenye alama hiyo ndiyo baa.

Kwa Pargeter hakuna alama hata moja. Kwetu upo mstari mmoja, ipo miwili, ipo minne. Ilipopaswa kuwa mitatu pana 1497. Bi. Tuffley kasema huenda ni hapa, lakini kibao hakitundikwi kwa "huenda".

Bibi akanigeukia taratibu. "Jethro, hapo palikuwa na nini?"

Nikasema kuku.

Jumapili, 14 Septemba

Kibao kimerudi darini. Bibi kaketi kizingitini tangu asubuhi, chai yangu kaikataa. Bi. Tuffley atapita tena mwezi ujao.

Nakiri jambo moja tu: ile mikwaruzo ilikuwa mistari mitatu yenye mkia, na aliyeifuta ni mimi.

Ila umbo lake nalikumbuka vizuri. Patasi nimeshainoa. Safari hii nitapaka kahawa.