Kufunguliwa kwa Nyumba ya Basanii ku Vuhovi

(Haya ni maneno yote ya Monsieur Siméon, Commissaire wa Utamaduni, yenye alisema ku Vuhovi mwaka 2001, wakati mouvement yake ya bunduki ilikuwa inatawala Beni na Butembo. Nilikuwa pale, nimekaa mu majani na bamama benzangu. Hakuna neno nimemuongezea, hana haja.)

Excellence Monsieur le Président wa mouvement, mwenye hakufika juu ya kazi mingi. Mon Commandant wa secteur, mwenye amefika na batu yake yote. Bapadri na bapasteri. Mademoiselle wa appareil-photo, mutumwa wa bafadhili yetu ba Ulaya, mwenye anatupigia picha toka mu dirisha ya jeep juu ya sécurité. Bachef ba localité, banotable, bacommerçant bakubwa, bacommerçant badogo, na ninyi population, kila mutu mu cheo yake: bonjour.

(Tunapiga makofi. Basoda ba commandant, na bunduki zao, banaangalia nani hapigi.)

Mimi Siméon, licencié, mutu mwenye amelala mu mahoteli ya Kampala juu ya maendeleo yenu bila kulalamika, ninasimama mbele ya hii bâtiment moderne na multifonctionnelle, ya kazi mingi, yenye étage moja ya ghorofa, madirisha kumi na mbili na mulango ya bluu, ambayo mouvement imesimamisha katika cadre ya programme intégré ya kuinua bipaji, na ninawauliza: mutu afaulu mu kazi ya sanaa, anapaswa kuwa mutu wa namna gani? Étude yetu inaonyesha wazi kwamba quatre-vingt-dix-sept pourcent ya basanii, tisini na saba mu mia moja, hawafaulu juu ya kosa yao benyewe. Bale batatu pourcent, tungali tunabatafuta.

(Mama Kanyere anasimama. Mutoto wake Paulin, ule anaandikaka majina na rangi ku maduka ya Butembo, amefungwa mu cachot ya commandant tangu soko ya juma jana. Anasema: «Papa Commissaire, Paulin wangu iko wapi?»)

Question pertinente, mama. Nitaijibu mu divers, mu mambo mengine, kwa mwisho. Ikaa.

Sifa ya kwanza ni nidhamu. Huyu Paulin, kwa sababu mama amemutaja, ana talent, hatukatai. Lakini wakati mouvement ilibadili jina, tukamuomba aandike upya jina ku plaque za bureau zetu zote, yeye akauliza kama aache nafasi kwa jina yenye itafuata. Musanii wa nidhamu haulize bintu kama ile.

(Batu banacheka. Commandant anageuza kichwa, banacha.)

Sifa ya pili ni humilité, unyenyekevu, na hapa sitasema mingi, muniangalie tu. Ya tatu ni uvumilivu, kwa maana ma-experts banakubaliana kwamba tumbo yenye kushiba haitungi wimbo, donc ile njaa munalia nayo kila siku ni bourse, musaada wa masomo, yenye mouvement imegawa kwa kila famille bila ubaguzi, na hakuna serikali ya mbele ilifanya vile.

(Mama mumoja nyuma yangu: «Basi yeye mwenyewe alikataa bourse, angalia ile shingo nene.»)

Lakini sifa kubwa kupita zote ni vision, njo kusema kuona kitu chenye hakiko. Mutu mudogo akifika hapa anaona shamba ya maharagi. Mutu wa vision anaona salle de spectacle, bibliothèque, bureau ya directeur.

(Upepo unashuka toka mulima. Nyumba inavimba tumbo. Mulango inajikunja, na étage inapiga commandant ku mugongo. Basoda babili banakimbia kushika ukuta ku pembe.)

Musiogope, ni architecture souple, ujenzi wa kujipinda. Mademoiselle, picha zimetosha? Merci, safari njema.

(Jeep inaenda. Kamba inakatika, nyumba yote inaanguka, na nyuma yake ni maharagi. Ni bâche yetu, turubai ya kuanikia kahawa, yenye balituchukulia balisema ni effort de guerre, muchango wa vita, kumbe bamechoresha nyumba juu yake. Na ile bluu ya mulango ni mukono ya Paulin, hakuna mwingine anachanganyaka vile. Mama Kanyere anatembea polepole, anakaa katikati ya bâche. Tunamufuata wote.)

Mon Commandant, hapana kuvuta. Ukivuta, rangi itapasuka, madirisha yatapotea. Muache.

Bon. Divers. Paulin hakufungwa, mama. Alikuwa en résidence artistique, mugeni wetu wa sanaa, na mulinzi ku mulango, kwa gharama ya mouvement.

(«Njo umulete,» Mama Kanyere anasema. Kahawa yetu iko inaoza ku nyumba bila pa kuanikia, hakuna mwenye haraka. Commissaire anaangalia saa, kisha anaangalia commandant. Commandant anatuma soda mumoja mwenye bunduki ku cachot.)

Sanaa oyee. Mouvement oyee. Basanii mbele, mbele zaidi. Kwa kumaliza, ninashukuru bachef, bapadri, bapasteri, na mwenye shamba, mwenye anaweza kurudilia kupalilia. Paulin huyu hapa, mama Kanyere, muzima, na biatu byake. Sasa, kwa heshima yote, inuka juu ya Nyumba ya Basanii tuikunje, maana kesho asubui inafunguliwa Beni, na kule itakuwa hôpital.