Masila na Mkono wa Mke Wangu

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mke wangu ana mwanamume mwingine. Anaitwa Masila. Ni mshauri nasaha, ana chumba chake mtaa wa Mountain View, na daktari ndiye aliyempeleka Nadira kwake! Miezi saba Nadira anahangaika: moyo unamdunda, mikono inamfa ganzi, kwenye foleni ya benki anahisi atakata roho palepale. Moyo ukapimwa, mzima. Damu ikapimwa, safi. Daktari akasema ni ugonjwa wa wasiwasi na unatibika. Alhamdulillahi. Lakini utibiwe na Masila kwa nini? Mimi ndiye niliyemshika mkono miezi yote hiyo, kutoka nyumbani mtaa wa Satellite mpaka duka lake la mabuibui mjini. Hakuna aliyeniita mshauri.

Alhamisi, 7 Agosti

Amerudi kwa Masila anatabasamu. Nikauliza wameongea nini. Akasema mengi. Mengi! Kwangu ni "Baba Mahira, gesi imeisha," basi. Eti Masila kasema anaposhikwa na hofu nisimwambie atulie, kwani angeweza kutulia angeshatulia. Nikasema hata mimi ningeyasema hayo. Akauliza mbona sikuyasema. Nikaenda kunywa maji.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefungua kliniki yangu. Roshani, chini ya kamba za nguo. Nikamfundisha Nadira kupumua nilivyoona kwenye simu: vuta hadi nne, shikilia hadi saba, toa hadi nane. Nilishikilia mpaka nikaona nyota. Mgonjwa ndiye aliyempepea daktari.

Jumatatu, 11 Agosti

Pigo! Masila amempa zoezi. Kesho atembee peke yake kutoka dukani hadi benki, asimame kwenye foleni, aiache hofu ipande na ishuke yenyewe. Bila mkono wangu! Njama hiyo iko wazi. Masila atakuwa benki anamsubiri. Nitamfuata.

Jumanne, 12 Agosti

Mimi ni karani katika duka la miwani la Gurdeep. Nimeazima miwani mizito kuliko yote ili nisitambulike. Sikutambulika. Wala sikuona kitu. Nilifuata buibui jeusi kona mbili, nikapanda nalo ngazi, nikapita nalo pazia. Saluni ya wanawake! Na buibui halikuwa la Nadira. Mama mmoja mwenye hina kichwani alinitoa kwa kiatu.

Jioni Nadira akanisimulia. Foleni ilikuwa na watu kumi na wawili. Moyo ulimwenda mbio, miguu ikalegea, akataka kukimbia. Hakukimbia. Akasimama mpaka moyo ukapoa, akafika dirishani.

"Nilikwenda mwenyewe, Baba Mahira," akasema, na machozi yakamtoka.

Nikampongeza. Kisha nikauliza Masila alikuwa amevaa nini. Akauliza nundu ya usoni nimeipata wapi. Nikasema mlango wa ofisi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekwenda Mountain View kumpeleleza. Jina nililoandikisha: Fidel. Philister wa mapokezi akaita Fidel mara tatu, nami nikageuka kumtafuta huyo mjinga asiyeitika.

Masila ni mfupi! Sweta lake limetoka nyuzi! Nilifurahi dakika nzima. Akanipa fomu. Wiki mbili hizi, nimeshindwa kuzuia wasiwasi? Karibu kila siku. Nimekuwa mwepesi wa kukasirika? Nani kamwambia? Karibu kila siku! Nikapata alama kumi na tisa. Nadira alipata kumi na sita. Nimemshinda!

Masila akasema hayo si mashindano, na fomu peke yake haitoshi kumjua mgonjwa. Akauliza hali hii ilianza lini, halafu naogopa nini hasa. Nilikwenda kupeleleza, jamani. Mdomo ukanisaliti. Nikasema mke wangu akipona hatanihitaji tena. Nikamaliza nusu ya pakiti ya tishu. Akasema nirudi kila Jumatano, na maneno hayo nimwambie mke wangu pia. Nikauliza kama anamjua mtu aitwaye Nadira. Akasema hazungumzii wanaokuja wala wasiokuja.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Nadira yote, isipokuwa saluni. Kumbe ya saluni anayajua, mji mzima umesikia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akasema miezi hiyo saba aliogopa zaidi kunichosha mimi. Sikujua. Akasema mkono atanishika akitaka, si akishikwa na hofu. Akanishika papo hapo, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Pia akaniambia Jumatano niandikishe jina langu halisi, Munir.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepona wivu kabisa. Nimefika kwa Masila dakika arobaini kabla ya zamu yangu, kwa hamu tu. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Masila na mwanamke, wanacheka! Akamsindikiza mpaka getini! Mimi wiki jana aliniaga akiwa amekaa kitini. Nikamuuliza Philister yule ni nani. Akakataa kusema, lakini daftari la miadi lilikuwa wazi na mimi najua kusoma maandishi yaliyopinduka. Lornah.

Ndani Masila akauliza wiki yangu ilikuwaje. Nikasema nzuri, nikauliza kama ana mgonjwa anayempenda kuliko wengine. Akaandika kitu, kirefu.

Wiki ijayo nitawahi kwa saa mbili. Lazima nijue Lornah ana ugonjwa gani mzuri kuliko wangu.